Wiki mbili za mafunzo ya maktaba: watoto watatu, vikundi vitatu, na mama mmoja wa stesheneri

Nina stesheneri jirani na shule mbili za sekondari hapa Morogoro, huu mwaka wa kumi na moja. Mashine mbili za kopi, printa ya rangi yenye tabia zake, kompyuta moja na benchi la kungojea. Kwa hiyo "utafiti" wa wanafunzi naujua kwa upande ambao walimu hawauoni. Mtoto anaingia na shikamoo yake nzuri, ananyoosha simu aliyoazima kwa dada yake: "Mama, naomba unitolee hii." Nikiifungua, ni ukurasa mzima wa intaneti umebebwa kama ulivyo. Vinamba vya marejeo bado vimo kwenye mabano, maneno ya bluu bado ya bluu, na katikati kuna tangazo la dawa ya kupunguza tumbo. Juu kabisa ameweka jina lake, kidato na mkondo. Mwaka huu kuna kijana aliniletea insha ya historia inayoanza, "Hakika! Hii hapa insha yako." Nikamwambia mwanangu, hilo la kwanza walau lifute. Akalifuta, akalipa mia tano, akaenda zake.

Sijisifu. Mia tano yake niliichukua.

Tangazo la mafunzo haya nililiprinti mimi mwenyewe, nakala arobaini, ndiyo maana nililisoma. Stadi za maktaba na utafiti, darasa la kwanza hadi kidato cha nne, wiki mbili za likizo ya Juni, saa mbili na nusu asubuhi hadi saa sita na nusu, shilingi 35,000 kwa mtoto, cheti kitatolewa. Nina watoto watatu: Zuhura darasa la pili, Ramadhani la tano, Mwantumu kidato cha tatu. Nikaomba punguzo, tukakubaliana 90,000 kwa wote. Uji shilingi mia tano kwa siku, nje ya hiyo.

Maktaba yenyewe sitaitaja. Ni ya jamii, siyo ile ya mkoa. Iko kwenye nyumba ya kuishi iliyogeuzwa: sebule ndiyo chumba cha kusomea, stoo ndiyo chumba cha kompyuta. Ya moyoni nimeshawaambia usoni, na wakisoma hapa watajijua.

Nianze na mdogo, kwa sababu kwake sikutegemea kitu. Nilidhani watapaka rangi, wataimba, watarudi. Siku ya pili Zuhura akarudi anataka kamusi. Ninayo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, jalada lilishatoka, naitumia kumaliza ubishi dukani. Akasema, "Mama, nitafutie vyura." Nikaenda V. Nikapekua, hamna. Akacheka mpaka akakaa chini. "Hawalali huko! Wanalala kwenye chura."

Kumbe siku nzima walikuwa wanafanya hiyo. Mkutubi anawapa vikadi vyenye neno, wao wanalivua koti. "Anapika": vua a, vua na, imebaki pika, nenda P. "Viatu": vua vi, vaa ki, nenda K. Mtu anaweza kuona ni mchezo tu, lakini fikiria: kamusi ya Kiingereza mtoto anafungua herufi ya kwanza anayoiona, basi, mara nyingi amefika. Kiswahili hakikubali hivyo. Nusu ya maneno unayokutana nayo kwenye hadithi hayamo kwenye kamusi kwa sura ile uliyokutana nayo. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na hakuna aliyewahi kunikalisha akaniambia hilo, nililijua kwa kuhangaika. Jioni ile akanitega na "hatujala". Nilivua, nikavua, nikabaki na herufi mbili nikadhani nimekosea. Neno ni "la". Lipo, mwanzo kabisa wa L.

Wiki ya pili waliingia kwenye rafu. Namba za mgongoni mwa vitabu ni zile za Dewey, Mmarekani aliyezitoa mwaka 1876, na wadogo hawafundishwi zote. Wanapewa "nyumba" moja moja. Zuhura alipewa 398.2, ngano na hadithi za mapokeo, na kazi yake kila asubuhi ilikuwa kurudisha vitabu vya nyumba hiyo mahali pake. Wiki nzima aliongea kama mwenye nyumba. "Leo kuna mtu kaniwekea kitabu cha mpira, kule ni 796, nimekitoa."

Kasoro ya kikundi hiki ni moja na ni kubwa. Watoto kumi na wanne, darasa la kwanza wamechanganywa na la tatu. Wa la kwanza ambao bado wanaunganisha silabi watawezaje kamusi? Kuna mmoja alilia siku mbili mfululizo, mama yake akamtoa, na nadhani hela hakurudishiwa.

Sasa kikundi cha kati. Hapa ndipo nilipoona thamani ya hela yangu, na nitakaa hapa kidogo.

Ramadhani alikwenda na mada yake kwenye kadi, neno moja: "Mkonge". Walimu wengi ninaowajua wangempokea: haya, andika kuhusu mkonge, kurasa mbili, Jumatatu. Mkutubi akamrudishia kadi. "Hilo siyo swali, hilo ni jina." Akarudi na "Mkonge ni nini?" Akarudishiwa tena: hilo linajibiwa na kamusi, nenda kalijibu uje na jingine. Siku nzima ilikwenda kwenye swali tu. Mwisho akatoka na "Mkonge ulitoka wapi na nani waliulima?" Nilipomfuata saa sita na nusu alikuwa amechoka kama aliyeshinda shambani, na hajaandika mstari hata mmoja. Nikasema moyoni, elfu thelathini zangu hizo.

Siku ya tatu nilipeleka manila. Walikuwa wametuagiza wazazi, mimi nikajitolea kuwakatia wote, kadi za ukubwa wa robo karatasi, kwa kuwa mashine ya kukatia ninayo. Nikakaa nyuma kidogo. Ramadhani ana kitabu cha historia ya Tanzania kutoka rafu ya 967.8, amefungua mwisho kwenye faharasa. Kidole kinashuka kwenye M. Mkataba, mkoloni, mkutano. Mkonge hamna. Akafunga kitabu, puu. "Madam, humu hamna."

Mkutubi hakukigusa kitabu. Akamuuliza, "Mkonge ukishachakatwa, zile nyuzi tunaziitaje?"

"Katani."

"Na kwa Kiingereza?"

"Sisal."

"Faharasa haina akili, mwanangu. Ina maneno tu. Mpe maneno yote unayoyajua."

Akafungua tena. K. Katani, na kurasa sita mbele yake. Ninyi mngemwona uso. Kwenye kadi ya kwanza akaandika majina yote matatu, na tangu hapo kila mada yake inaanza na kadi ya majina. Jioni nikajaribu mwenyewe kwenye simu, nikatafuta "mkonge", kisha "katani". Majibu tofauti kabisa, la kwanza bei na mashamba, la pili kamba, magunia na viwanda. Miaka kumi na moja nawatafutia watu vitu mtandaoni kwa neno moja, likikosa nasema mtandao hauna.

Kisha wakamtoa 967.8 wakampeleka 633, mazao ya shambani. Hili nalo ni la kujua: mada moja haikai rafu moja. Mmea uko huku, watu waliouvuna wako kule. Ndipo akaja na habari ambayo mimi mzaliwa wa mkoa wa mkonge nilikuwa siijui. Nilidhani mkonge ni wa kwetu tangu na tangu. Ulikuja mwaka 1893, umeletwa na Mjerumani, Richard Hindorf, asili yake Meksiko lakini miche ikatokea Florida. Ilianza safari 1,000, ikafika hai 62, ikapandwa kule Pangani. "Sitini na mbili tu, mama." Nikamuuliza, una uhakika? Hakujibu. Aligeuza kadi, nyuma kaandika jina la kitabu na ukurasa.

Utaratibu wao ni huo: kadi moja, jambo moja, nyuma umelipata wapi. Kadi isiyo na kitu nyuma inakwenda kwenye boksi la "tumesikia". Haitupwi, ila huruhusiwi kuiandika mpaka umeipatia mgongo.

Nusu ya pili ya swali lake ilimpeleka kwa bibi yake mzaa baba. Marehemu babu alikuja Kilosa kutoka Songea akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, hilo tulilijua, lakini hakuna aliyewahi kumkalisha bibi akamuuliza. Walimpa mtoto maswali matano na sharti moja: usimkatize. Bibi akaeleza kipande, ile kadi ya kuhesabia siku, kwamba siku thelathini zisipotimia hakuna mshahara. Kitabu kikasema hivyo hivyo, kikaongeza kwamba hizo 30 zilitakiwa ziishe ndani ya siku 42. Bibi aliposomewa akasema, "Hao walioandika walikuwepo?" Ramadhani akaliandika na hilo, kwenye kadi yake, na nyuma jina la bibi na tarehe.

Malalamiko ya kikundi cha kati ni atlasi. Walikuwa nazo nne, moja mpya, tatu bado zinaonyesha Sudan nchi moja, kubwa kuliko zote Afrika. Nilikwenda kulalamika, nikasema mnawafundisha watoto vitu vya kabla ya 2011. Ramadhani pembeni, aibu imemjaa: "Mama, tunajua. Tumefundishwa kuangalia mwaka nyuma ya ukurasa wa jina." Sawa, nimekubali. Lakini atlasi moja nzima kwa watoto kumi na wanane bado ni atlasi moja. Kujua kwamba kitabu kimepitwa na wakati hakumpi mtoto kipya.

Kwa wakubwa kulianza vizuri kuliko kote kukaisha vibaya kuliko kote.

Siku tatu za kwanza walikuwa na mkutubi yule yule. Mwantumu alichukua Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, kwa kuwa ni ya mtihani na kwa kuwa ya babu yake wa Songea. Swali: walikufa watu wangapi? Akapata 75,000. Akapata 120,000. Akapata 250,000 hadi 300,000. Yeye, kama ningefanya mimi, alitaka kuchagua ya katikati. Mkutubi akawauliza kila namba ni ya nani. Ile 75,000 ni hesabu ya Wajerumani wenyewe. Ile kubwa ni ya mwanahistoria Gilbert Gwassa, ambaye alihesabu na waliokufa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuchomwa. Kumbe hawabishani kuhusu namba tu, wanabishana nani anastahili kuhesabiwa. Akawaeleza pia kwamba mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliokumbuka vita ile, na walichoandika kinatumiwa na wanahistoria mpaka leo. Wanafunzi! Mwantumu alirudi nyumbani hasemi na mtu, anaandika.

Siku hiyo hiyo walifundishwa jambo ambalo ningependa kila mwalimu wa sekondari alisikie. Watoto wetu wanasoma kwa Kiingereza na wanatakiwa waandike kwa Kiingereza. Kunakili kwao siyo kila mara ni uvivu. Sentensi ya kitabu wameielewa, ila wakiiacha, Kiingereza cha kuisema upya hawana. Basi wanaibeba. Mkutubi akawafanyisha hivi: soma aya, funga kitabu, mgeukie mwenzako umsimulie kwa Kiswahili kama unamsimulia mechi, halafu ndipo uandike kwa Kiingereza ulichosimulia, kitabu bado kimefungwa. Kiingereza cha Mwantumu kilitoka na makosa. Lakini kilikuwa chake, nilikitambua, mimi ninayeprinti kazi za wenzake kila siku.

Na kulikuwa na zoezi la akili mnemba, yaani AI ya kwenye simu. Hawakuwakataza simu, nawapongeza kwa hilo, kwa sababu kukataza kunawaleta kwangu tu. Waliiomba iwatajie vitabu vitano kuhusu Waluguru na ukoo wa upande wa mama. Ikataja vitano, na waandishi, na miaka, vimepangwa vizuri kweli. Wakaenda navyo kwenye katalogi, kisha kwenye tovuti za maktaba za vyuo. Vitatu havikuonekana popote. Kimoja kati ya hivyo, mwandishi alikuwa wa kweli ila ameandika mambo mengine kabisa.

Siku ya nne mkutubi hakuonekana. Tuliambiwa ana semina. Kikundi kikaachiwa kijana aliye "field", yaani mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, mpole, hana kosa, lakini alichofanya ni kuwasomea slaidi. Hatua za utafiti, moja mpaka sita, nakili kwenye daftari. Watoto waliotoka kujifunza kufunga kitabu na kusimulia sasa wananakili ubaoni. Wiki ya pili ilikuwa ya kompyuta, na hapo pakaharibika kabisa: kompyuta nne, wanafunzi ishirini na wawili, umeme ukakatika siku tatu kati ya tano. Wangeweza kuwarudisha kwenye vitabu. Waliwaruhusu warudi nyumbani. Mwantumu alikuwa dukani kwangu saa nne asubuhi ananisaidia kubana vitini, na mimi nimelipa.

Nilipouliza kuhusu fidia, niliambiwa umeme siyo wao. Kweli, umeme siyo wao. Ratiba ni yao.

Madogo madogo, harakaharaka. Choo kisafi. Uji mzuri, wa ulezi, watoto wangu walisema una sukari nyingi wakimaanisha sifa. Vitini ni aibu: kopi ya kopi ya kopi, tona imekwisha, ukurasa wa tatu nusu yake nyeusi. Jamani, mimi niko mita mia mbili, mngesema. Na cheti kimetolewa kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80, kikipata jasho la mkono kinajikunja, na Zuhura kaandikwa "Zuhula". Chini kimepambwa kwa picha ya kofia ya mahafali.

Kama mtoto wako yuko la nne mpaka la saba, mpeleke, hata ukikopa. La pili na la tatu mpeleke kama anasoma mwenyewe bila kushikwa kidole. La kwanza msubirishe. Sekondari, kabla ya kulipa uliza swali moja: ni nani atafundisha wiki ya pili, na umeme ukikatika mtafanya nini? Hayo ni mawili, ulizeni yote.

Mwezi wa kumi na mbili narudisha wadogo wawili. Mwantumu 35,000 zake nitamwandikisha maktaba ya mkoa, inayobaki anunue rimu ya manila, kwa bei ya duka, sitampunguzia. Na mkienda, mbebesheni mtoto sweta. Sebule ile ina feni mbili, swichi moja imekwama, na hakuna anayejua ni ya ipi.